Namna ya kumshika mgonjwa wa moyo wa kijijini ili dawa, mazoezi na kliniki visiishie njiani

Hii naiandika kwa wauguzi wenzangu, matabibu wa zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ndugu yeyote ambaye nyumbani kwake kuna mtu amerudi kutoka hospitali kaambiwa moyo umepanuka, au valvu (milango ya moyo) mbovu, au alipata shambulio la moyo. Nafanya kazi huku Kigoma na kinachoniuma ni hiki: mgonjwa anatibiwa vizuri Maweni, hospitali yetu ya mkoa, mwingine anapelekwa mpaka Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar, ukoo mzima umechanga, mbuzi wameuzwa, anarudi anapumua vizuri kabisa, alafu miezi michache mbele tunampokea tena wodini amevimba mpaka tumbo. Ukiuliza dawa, ziliisha. Mazoezi, aliambiwa kwa haraka siku anatoka wakati mwanae ameshaita bodaboda. Kliniki, nauli hakuna.

Hospitali kubwa huduma hii wanaiita utengamao wa moyo. Sio kitu cha ajabu, ni mazoezi yanayopanda kidogokidogo, dawa zinazofuatiliwa, chakula na kuacha tumbaku, na mtu wa kuongea naye hofu inapomshika. Tafiti nyingi zimeonyesha mgonjwa wa mishipa ya moyo anayefanya hivi hatari yake ya kufa kwa moyo inapungua na kulazwa kunapungua. Na jambo kubwa kwetu sisi wa mbali ni kwamba mazoezi ya nyumbani yenye mtu wa kufuatilia yamelinganishwa na yale ya kwenye jengo maalum na matokeo yanakaribiana, kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Kwahiyo kukosa jengo na mashine sio sababu ya kukaa tu. Shida yetu kubwa naiona ni moja, tunampangia mtu wa Kalya, kule mwambao wa mbali, ratiba ya mtu anayekaa Mwanga hapa mjini. Wengi tunaosema wamekataa huduma hawajakataa chochote, tulichowapangia ndo hakifanyiki kule wanakoishi.

Hatua ya 1: Anza akiwa bado kitandani

Usiseme akipata nguvu atakuja mwenyewe. Hatakuja, wala sio ukaidi. Kule Ontario, Canada, kuna utafiti ulitoka mwaka 2011 ulifanyika kwenye hospitali 11, waliangalia namna wagonjwa wanavyopelekwa kwenye huduma hii. Pale ambapo ilimtegemea daktari akumbuke mwenyewe, karibu theluthi moja tu ya wagonjwa ndo waliishia kuipata. Pale ambapo jina linaenda lenyewe bila kusubiri mtu akumbuke, na tena kuna mtu anakaa na mgonjwa kitandani wanaongea, zaidi ya asilimia 80 walipelekwa na zaidi ya asilimia 70 waliipata. Na hiyo ni nchi yenye lami kila mahali. Kwahiyo wodini kwako fanya hivo hivo, wekeni daftari moja, kila anayetoka na ugonjwa wa moyo jina linaandikwa kabla hajapewa karatasi ya kutoka, bila kujali nani yuko zamu.

Alafu kaa naye dakika kumi. Sio kumhubiria, ni kumuuliza. Anaishi wapi hasa, na usikubali akujibu Uvinza maana Uvinza ni wilaya na ni kubwa mno, taka kitongoji. Anafikaje, boti, basi, bodaboda, miguu. Nauli ni kiasi gani kiangazi na inakuwa ngapi masika. Nani anapika nyumbani, nani anachota maji, nani anashika hela. Simu ni ya nani na inawashwa saa ngapi. Anajua kusoma? Hapa uliza kwa heshima, mzee hataki kuaibishwa mbele ya wajukuu, mi huwa nasema "mzee wangu, nikikuandikia nyumbani yupo wa kukusomea?" na jibu linakuja lenyewe.

Lugha nayo iangalie. Bibi wa Buhigwe au Kasulu vijijini anaitikia "ndiyo" kwa Kiswahili kwenye kila kitu unachosema ila akielezwa kwa Kiha ndo anaanza kuuliza maswali. Tafuta muuguzi au hata mhudumu wa usafi anayeongea Kiha, mpe heshima yake, akae pale. Ukishamaliza kueleza mwambie akurudishie: "Bibi, ukifika nyumbani binti yako akikuuliza umeambiwa nini hospitali, utamjibu nini?" Akikosea, rudia wewe kwa namna nyingine, usimwambie hajasikiliza.

Hatua ya 2: Msimamizi

Kwenye TB huu utaratibu watu wanaujua, kila mgonjwa ana mtu wake wa kumsimamia dawa. Ufanye na kwenye moyo. Amchague mgonjwa mwenyewe, sio wewe, na awe anaishi karibu. Mtoto wa Dar anayetuma hela ni muhimu ila hawezi kuona miguu imevimba.

Hatua ya 3: Ratiba ifuate maisha yake

Hapa ndo pana kazi na hapa ndo tunapowapotezea wengi, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, taa zinawashwa dagaa wanakuja juu. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unasimama siku kadhaa, wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Sasa we ukimpa tarehe ya kliniki kwa kuhesabu wiki nne nne bila kuangalia mwezi wa angani, utamwangushia katikati ya giza, na hapo umemwambia achague kati ya wewe na chakula cha watoto. Muulize tu, mbalamwezi ijayo ni lini, andika hiyo. Mkulima wa Kasulu, Kibondo au Kakonko kuanzia mvua zinapoanza kuelekea mwisho wa mwaka yuko shambani, na njia nyingine hazipitiki, kwahiyo kabla ya mvua hazijachanganya muone, mpange dawa za muda mrefu, na kipindi cha palizi mfuatilie kwa simu na kwa mhudumu wa jamii badala ya kumdai aje.

Siku ya gulio ni zawadi. Siku hiyo magari yapo, nauli inashuka au ndugu anaenda hata hivyo kuuza mihogo yake, mgonjwa anapanda nae. Kama zahanati yako iko karibu na gulio hamishia kliniki ya moyo na presha siku hiyo, hata kama mkuu wako wa kazi atanung'unika kwamba siku ya gulio kuna watu wengi.

Na akishafika, kila kitu kiwe siku moja. Daktari, vipimo, dawa, na kuangaliwa mazoezi. Mtu ametoka nyumbani saa kumi alfajiri anaambiwa rudi kesho kwa ajili ya damu, huyo usimtegemee tena. Aliyetulia aombewe kwa daktari dawa za miezi miwili au mitatu. Ila aliyewekewa valvu ya chuma anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, usimwachie hivyo, damu yake lazima ipimwe kuona inaganda vipi, huyu mpangie kwa ukaribu na hiyo nauli yake ndo iwe ya kwanza kutafutiwa. Na vijana wenye moyo wa baridi yabisi wanaochomwa penisilini kila wiki tatu au nne, sindano hiyo inawezekana kuchomwa kituo cha karibu, hakuna haja ya kumvuta mtoto wa shule mpaka mjini. Andika barua iende kituoni, na upige simu uhakikishe dawa ipo.

Ramadhani iongelewe mwezi mmoja kabla. Ujiji na mwambao wote wagonjwa wetu wengi wanafunga, na wengine watafunga hata ukiwakataza, watakuficha tu. Aje aongee na daktari, kuna ambao dawa zinapangika daku na futari na kuna ambao moyo wao haustahimili kufunga, na akiambiwa kwa upole mbele ya shehe au mzee anayemheshimu anaelewa.

Kuna kitu kingine watu hawakisemi. Siku ya safari wengi hawanywi furosemide kwa sababu inakojoza, na kwenye boti au basi utajisaidia wapi, hasa mama. Wengine wanairuka siku ya kwenda na siku ya kurudi, wengine wakiona hivyo wanaiacha kabisa. Muulize waziwazi, alafu mkubaliane na daktari aisogeze, anywe akishafika.

Hatua ya 4: Hela iongelewe mapema

Usisubiri akwame. Kabla hajatoka muunganishe na ustawi wa jamii wa hospitali. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure, ila anahitaji utambulisho kutoka serikali ya kijiji, na kumtuma mzee mgonjwa afuatilie mwenyewe barua ya mtendaji ni kumchosha, mtume msimamizi. Kaya iulizwe kama ina bima na inafika ngazi gani ya hospitali, maana kuna anayegundua siku yuko dirishani. Kaya iliyoko TASAF, ule mfuko wa serikali unaolipa kaya maskini, ijue siku ya malipo, mkiweza kliniki iwe siku chache baada ya hapo.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii, na nimeona vinavyokubali kutoa nauli ya mgonjwa bila riba. Waombe rasmi, kwa ruhusa ya mgonjwa. Kijiji kikielewa kwamba nauli ya kliniki ni ndogo sana kuliko kukodi boti usiku mtu akiwa anazidiwa, kinatoa.

Hatua ya 5: Mazoezi

Kwanza ruhusa ya daktari. Ambaye kifua kinambana hata akiwa amekaa, anayehema akiwa amelala, ambaye uvimbe unaongezeka, mwenye homa, mwenye valvu iliyobana sana, au aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja, huyo usimuanzishie wewe.

Aliyeruhusiwa mpime kwa kutembea dakika sita. Huhitaji mashine. Pima mita 30 kwa kamba sehemu tambarare nje ya zahanati, weka jiwe kila upande, mgonjwa apumzike dakika kumi kwenye kivuli, mpime presha na mapigo. Mapigo yakizidi 120 akiwa amepumzika, au presha ya juu imezidi 180 au ya chini imezidi 100, acha siku hiyo, mrudishe kwa daktari. Kama yuko sawa atembee kwa mwendo wake kwenda na kurudi dakika sita, ruhusa kusimama kupumua, alafu andika mita alizofika. Hiyo namba ni dawa kwa kweli. Mtu anayeambiwa kila siku "punguza chumvi, usifanye hiki" akiona safari iliyopita alifika mita 210 na leo 270, uso unabadilika, anamwambia na mwenzake aliyekaa benchi. Mwandikie kwenye kadi yake kwa tarakimu kubwa.

Nyumbani aanze dakika tano mpaka kumi, mara mbili kwa siku, asubuhi kabla jua halijawa kali na jioni. Dakika za mwanzo na za mwisho polepole. Kila wiki aongeze dakika chache mpaka afike dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki. Kipimo cha nguvu ni mdomo wake, aweze kuongea na mtu anayetembea nae ila asiweze kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi apunguze. Usimwambie ahesabu mapigo maana wengi wanatumia dawa zinazoshusha mapigo, kama bisoprolo au kavedilo, namba itakudanganya. Asitembee akiwa ameshiba sana. Na huku kwetu kwenye milima mwambie kabisa asianze kwa kuteremka mbali, kurudi kutakuwa kupanda na hapo ndo anazidiwa. Aende huku na huku sehemu tambarare hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule.

Sasa kuna jambo la aibu ya kutembea. Kijijini mtu mzima kutembea bila anakokwenda watu wanauliza, na mwanamke ndo zaidi, anaambiwa anazurura. Nimeona akina mama wakiacha kwa sababu hiyo tu na hawasemi. Kwahiyo mpe safari yenye sababu: kumpeleka mjukuu shule na kurudi, kwenda jumuiya, kwenda kumsalimia shangazi upande wa pili, mzee kwenda msikitini kwa njia ndefu. Wagonjwa watatu wanne wa kitongoji kimoja wakitembea pamoja baada ya alasiri hakuna anayeuliza kitu, tena wanakumbushana dawa.

Ongeza na kukaa na kusimama kwenye kigoda mara tano mpaka kumi, bila kubana pumzi.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kufungua kifua ana masharti yake. Mfupa wa kifua unahitaji kama miezi miwili mpaka mitatu kuunga. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hairuhusiwi, jembe hairuhusiwi, kutwanga hairuhusiwi, kubeba mtoto mgongoni hairuhusiwi. Akikohoa akumbatie mto au kanga iliyokunjwa kifuani. Ukimwambia mama "usibebe ndoo" alafu ukaondoka hujamsaidia, maji yatachotwa na nani? Kaeni kikao na mume na watoto wakubwa, nani anachota, nani anatwanga, mpaka tarehe fulani, itajwe pale. Wanaume wengi wakielezwa kwamba mfupa umekatwa na kufungwa kwa waya wanashika ndoo wenyewe, walikuwa hawajui tu.

Hatua ya 6: Jikoni

Kuna mama mmoja wa mwambao, miguu yake ilikataa kupungua na alikuwa anaapa chumvi hatii. Na kweli alikuwa hatii. Nilipokaa nae jikoni nikaona, maharage yanachemka, akavunja kipande cha magadi kwa mchi akatupia, na kwenye bati la nje dagaa wa chumvi wameanikwa kwa ajili ya jioni. Alikuwa anasema ukweli mtupu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba magadi nayo ni sodiamu, ni ndugu wa chumvi. Kwahiyo usiulize "unatumia chumvi?", uliza jana ulikula nini, kilipikwaje, kiliungwa na nini.

Kinachofaa: maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi. Dagaa na migebuka ya chumvi iloweshwe, maji yamwagwe, irudiwe tena, au anunue mibichi na iliyokaushwa jua bila chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na mgonjwa wa moyo aulize daktari wake kiasi chake. Ndimu, kitunguu, nyanya, tangawizi vinaongeza ladha. Tunatoka mkoa wa chumvi ya Uvinza, ulimi umezoea toka utotoni, mpe muda, na waombe familia wote wapunguze badala ya kumpikia yeye sufuria ya peke yake, akipikiwa peke yake anajiona ametengwa.

Mawese nayo. Karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayoziba mishipa, ila ni zao letu na ni bei nafuu, ukimwambia aache atakuitikia tu. Mwambie apime kwa kijiko badala ya kumimina, na apunguze kuelekea nusu. Mboga za majani, mihogo ya kuchemsha, matunda ya msimu, samaki wabichi, hivyo tunavyo.

Sigara na ugoro viishe. Hapo sina kati kwa kati.

Na dawa za maumivu. Hii naomba kila mtu mwenye duka la dawa aisome. Diklofenaki na ibuprofeni zinafanya maji yabaki mwilini na kwa mwenye moyo uliochoka zinamrudisha wodini. Wazee wetu wana mgongo na magoti, wanazinunua kila wiki. Andika kwenye kadi kwa wino mwekundu: asiuziwe.

Hatua ya 7: Kumfuata

Piga simu ndani ya wiki ya kwanza baada ya kutoka, hapo ndo maswali yapo mengi. Piga jioni, tumia sauti, meseji kwa asiyesoma itasomwa na mtu mwingine. Chukua namba mbili, yake na ya jirani au msimamizi, na mkubaliane kabisa huyo wa pili uruhusiwe kumwambia nini. Wengi wana simu ya kitochi na salio hakuna, mwambie abipu utampigia, alafu kweli mpigie. Vijiji ambavyo mtandao ni wa shida nahodha wa boti anaweza kubeba ujumbe, ila uwe "nesi anakuomba uje siku fulani" na sio ugonjwa wake.

Uliza vitu vile vile kila mara. Unalalia mito mingapi sasa hivi? Viatu vinakuingia? Unatembea mpaka wapi? Dawa zimebaki ngapi, zihesabu nikiwa hewani. Mhudumu wa jamii akifika nyumbani abonyeze mfupa wa mguu kwa kidole gumba aone kama shimo linabaki, na kama mizani ipo apime. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku mbili tatu hayo ni maji, sio kunenepa, aende kituoni siku hiyo.

Dawa ziangaliwe kwa macho. Mzee mmoja alinimwagia mfuko wake kwenye mkeka, vidonge vyeupe vidogo vya aina tatu vimechanganyika, furosemide alikuwa anainywa saa tatu usiku, anaamka kukojoa mpaka alfajiri, akaamua kuiacha apate usingizi. Hakuna aliyekosea hapo isipokuwa maelezo. Tukatenga vikopo, kile cha asubuhi kikachorwa jua kwa kalamu, cha usiku kikachorwa mwezi, na mjukuu wa darasa la nne akawa ndo mwangalizi.

Asipofika siku yake, ndani ya siku tatu atafutwe. Sauti yako iwe ya mtu aliyemkosa. Ukianza na "mbona hukuja" ameshakata.

Hatua ya 8: Yale yasiyosemwa

Hofu. Mtu aliyewahi kubanwa kifua anaogopa hata kucheka sana. Muulize kama wiki mbili hizi amekosa hamu ya mambo aliyokuwa anayapenda, au amekuwa na huzuni karibu kila siku. Akisema ndiyo kwa lolote, mpeleke aongee na mtaalamu, huzuni hiyo inatibika na mgonjwa mwenye huzuni ndo wa kwanza kuacha dawa.

Unyumba. Wanaume hawaulizi na wanaacha dawa kimyakimya wakidhani ndo zimewamaliza. Anza wewe. Kwa kawaida ambaye anaweza kutembea haraka kupanda mwinuko bila kifua kubana wala kuhema kupita kiasi anaweza kurudi, athibitishe na daktari. Na mwonye juu ya dawa za nguvu za kiume za mtaani, zikikutana na dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua presha inaporomoka na anaweza kufa.

Mama wa umri wa kuzaa aongelewe uzazi wa mpango mapema, hasa ambaye moyo ulichoka kipindi cha kujifungua, mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu. Enalapri na losatani za presha na moyo, pamoja na warfarini, zina madhara kwa mtoto tumboni, asisubiri mpaka mimba ionekane. Mwite na mume.

Mganga wa jadi na maombi. Tumbo likijaa maji watu wanasema katupiwa kitu, na ukibishana unampoteza mgonjwa na familia yote. Mi nawaambia waombe, na dawa anywe. Mizizi ya kunywa nakataa kwa upole kwa sababu ya figo na kwa sababu hatujui inagongana vipi na dawa zake. Mganga anayeheshimika mtembelee, mwonyeshe dalili za maji ya moyo, wengine wanaanza kukuletea wagonjwa.

Hatua ya 9: Mpango wa siku mbaya

Uandikwe kabla. Akibanwa kifua, kuhema ghafla, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, jasho la baridi au moyo kwenda mbio bila mpango, anaacha anachofanya, anakaa. Kama ana dawa ya chini ya ulimi aitumie kama alivyoelekezwa. Maumivu ya kifua yasipoisha ndani ya dakika tano anakwenda kituoni, na kama hana mzio wala hajawahi kukatazwa atafune asprini ya miligramu 300. Namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku, namba ya mwenye boti, na hela ya mafuta imewekwa kwa nani, vyote viwe kwenye karatasi moja ukutani.

Akirudi baada ya kupotea

Wapo watakaopotea hata ufanye yote haya, msiba, mafuriko, kuhamia kambi ya uvuvi nyingine. Akirudi baada ya miezi mpokee kwa furaha mbele za watu. Usianze na kadi, anza na chai kama ipo. Mpime presha, uvimbe na uzito, aonwe na daktari, dawa zirudishwe kwa utaratibu wa daktari maana nyingine haziwezi kuanzwa tena kwa kipimo kikubwa alichoachia. Mtembeze zile dakika sita upya, andika namba mpya bila kumsomea ya zamani kama imeshuka, muulize nini kilimkwamisha na ubadilishe hicho kwenye ratiba siku hiyo hiyo, alafu nyumbani aanze na dakika tano kama mtu mpya.